Sura ya Tano: Afisa Hajawahi Kufika Ndalu

Barua ya kunyimwa viza ya muda ya Kanada haina matusi wala lawama. Panapouma ni sentensi moja tu: afisa hakuridhika kwamba utaondoka nchini mwao muda wako ukiisha, kama kinavyotaka kifungu cha 179(b) cha kanuni zao za uhamiaji. Baada ya hapo hufuata sababu mbili tatu, zilizoandikwa kwa maneno yaleyale wanayoandikiwa watu wa Lagos, Lahore na Manila: mali na hali yako ya kifedha, jamaa ulio nao Kanada na ulio nao nyumbani, madhumuni ya safari yako. Basi. Barua yenyewe haikuambii ni karatasi gani iliyokuangusha.

Habari hiyo ikifika huku kwetu, sokoni Ndalu, huwa imeshatiwa chumvi njiani. Huyu atasema pasipoti imepigwa alama na haitafaa tena. Yule atasema ni lazima ungoje miaka mitano. Wa tatu ana binamu Kitale anayemjua mtu ubalozini, na ukitoa elfu themanini mambo yatanyooka. Wote watatu wamekosea, na wa tatu ndiye wa kuogopwa.

La pasipoti ni rahisi kulimaliza. Anayeomba viza ya Kanada kwa mtandao hapeleki pasipoti mpaka aitishwe, na huitishwa ombi linapokubaliwa. Hakuna alama iliyopigwa popote. La miaka mitano lina chembe ya ukweli: kifungu cha 40 cha sheria yao ya uhamiaji humfungia mlango kwa miaka mitano mtu aliyedanganya au aliyeficha jambo la maana. Lakini barua yenye 179(b) peke yake haimwiti mtu mwongo. Inasema kwamba kazi ya kuthibitisha ilikuwa yako, na ulichopeleka hakikutosha. Kisheria unaweza kuomba tena kesho asubuhi. Mimi humwambia mtu asiombe kesho. Karatasi zilezile zikisomwa na afisa mwingine huzaa jibu lilelile, na dola 100 za ada hazirudi.

Nitatumia mfano wa mama mmoja. Si mtu halisi. Nimemuunda kutokana na mambo yanayojirudia katika sehemu zetu hizi, kuanzia Tongaren hadi Kiminini. Ana miaka 59, analima mahindi ekari tano, mumewe ni mwalimu mstaafu, na binti yao ni muuguzi Edmonton ambaye amejifungua mtoto wake wa kwanza. Mama anataka kwenda kumshika mkono mzazi, kama ilivyo desturi, kisha arudi. Jirani zake wanajua kwamba hawezi kuhamia popote. Ni mweka hazina wa chama cha akina mama, funguo za stoo ya kanisa anazo yeye, ana ng'ombe watatu wa maziwa, na mama mkwe wake mkongwe hakubali kulishwa na mtu mwingine. Ukimwambia abaki Kanada atakucheka.

Afisa hakuona hata moja la hayo. Alichoona ni mafaili yaliyopakiwa kutoka saiba moja mjini. Tangu 2018 idara ya uhamiaji ya Kanada imekuwa ikitumia programu iitwayo Chinook, iliyojengwa juu ya Excel, inayopanga taarifa za waombaji kwa safu ili afisa apitie maombi mengi kwa haraka. Uamuzi unabaki kuwa wa afisa, ila muda wake ni mfupi. Kwenye safu ya mama yetu anasoma hivi: kazi, mkulima, mapato, hakuna hati, safari za nje, hakuna, ardhi, hatimiliki yenye jina la mwanamume asiyejulikana, mwenyeji, binti, akaunti ya benki, Sh3,200 mwezi wa Novemba na Sh403,000 mwezi wa Januari.

Hiyo akaunti ndiyo iliyomponza, na hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu mkulima wa mahindi anaonekana mwizi au mkopaji kwa sababu tu ya msimu. Mahindi huvunwa kuanzia Oktoba hadi Desemba. Ekari tano zikitoa gunia ishirini kila moja, hizo ni gunia mia. Mwaka 2023 serikali iliiagiza Bodi ya Nafaka, NCPB, inunue gunia la kilo 90 kwa Sh4,000. Mia mara elfu nne ni laki nne, zinazoingia benki kwa mkupuo mmoja. Kwa mtu wa Ndalu huo ndio mshahara wa mwaka mzima. Kwa afisa aliyezoea mshahara wa kila mwezi, ni pesa zilizoazimwa wiki mbili kabla ya ombi ili akaunti ionekane imenona, na hila hiyo ameshaiona mara nyingi mno. Hakuwa mjinga kushuku. Alikosa tu mtu wa kumweleza kalenda ya mahindi.

Kwa hiyo dawa si kutafuta pesa zaidi. Ni kuzipa zile laki nne ukoo: stakabadhi ya bohari yenye tarehe na idadi ya magunia, stetimenti inayoonyesha NCPB ndiyo iliyolipa, ujumbe na risiti za mbolea ya ruzuku aliyochukua mwezi wa Machi, na stetimenti ya mwaka mzima au miwili badala ya miezi minne. Afisa akiona Januari ya mwaka jana na ya mwaka juzi nazo zina mkupuo kama huo, mashaka hupungua yenyewe. Aliyemuuzia dalali shambani kwa pesa taslimu ana kibarua kigumu zaidi, maana hapo hakuna karatasi. Huyo aanze msimu huu kudai alipwe kwa M-Pesa au benki, hata kama dalali atanuna. Na neno moja kuhusu stetimenti ya M-Pesa: huja kwa barua pepe ikiwa imefungwa kwa nambari ya siri. Watu huipakia hivyohivyo. Afisa hana nambari hiyo na hatapiga simu kuiuliza. Ifungue kwanza, uihifadhi upya bila kufuli, halafu ujaribu kuifungua kwenye simu ya mtu mwingine.

Ardhi ina historia yake. Familia nyingi za Tongaren zilipata mashamba katika skimu za makazi miaka ya 1960, wazungu walipoondoka, na wazee wakalipa mkopo wa serikali kwa miaka mingi. Mzee akafariki, wana wakagawana kwa mdomo mbele ya ukoo, kila mmoja anajua mpaka wake, na hatimiliki imebaki na jina la marehemu. Hapa nyumbani haliwi tatizo mpaka siku ya kuuza au ya kukopa. Kwenye ombi la viza inakuwa hati ya mtu mwingine. Kuipakia bila maelezo ni vibaya kuliko kutoipakia, kwa kuwa inazua swali na kuliacha likining'inia.

Kurithi kwa njia ya mahakama, iwe Bungoma au Kitale, kunahitaji barua ya chifu inayotaja warithi, na chini ya Sheria ya Urithi, sura ya 160, mahakama kwa kawaida huthibitisha idhini ya usimamizi baada ya miezi sita kupita tangu ilipotolewa. Anayetaka kuona mjukuu kabla hajaota meno hatasubiri hayo yote, ingawa ningemshauri mumewe aanze mchakato kwa faida yao wenyewe. Kwa sasa kuna njia ya kati: cheti cha upekuzi kutoka ofisi ya ardhi, cheti cha kifo cha baba mkwe, barua ya chifu inayoeleza nani analima sehemu ipi na tangu lini, na cheti cha ndoa kinachomuunganisha mama na familia hiyo. Karatasi nne zinazoelekezana zina nguvu kuliko hati moja iliyo yatima.

Barua ya chifu isiwe ile ya kawaida isemayo kwamba huyu ni mkazi wangu na ni mtu mwenye tabia njema. Tabia njema haikuulizwa. Mwombe aandike mambo yanayohesabika: ukubwa wa shamba, mifugo, wanaokaa nyumbani, wadhifa katika chama, na nambari ya simu inayopokelewa. Wakati mwingine hupigwa.

Halafu kuna majina. Mama wa rika hili ana jina la kitambulisho, jina la ubatizo, na jina la mume aliloongeza baada ya ndoa. Kwenye cheti cha kuzaliwa cha binti ameandikwa kwa jina moja, kwenye pasipoti kwa jingine. Afisa akishindwa kuunganisha mama na binti, barua ya mwaliko inakuwa ya mgeni anayemwalika mgeni. Hati ya kiapo mbele ya wakili hutatua hili kwa asubuhi moja, na nashangaa ni wangapi wanaoliacha.

Lakini utajuaje ni kipi kati ya haya kilichokuangusha wewe? Afisa huandika maelezo yake kwenye mfumo, mistari michache, na huko ndiko kwenye sababu ya kweli. Tangu Julai 2025 idara imeanza kuambatisha maelezo hayo kwenye baadhi ya barua za kukataa viza za muda. Kama yako haikuja nayo, unaweza kuyaomba: tangu Julai 2022 hata asiye raia, aliye nje ya Kanada, ana haki ya kuitisha taarifa zake mwenyewe chini ya Sheria yao ya Faragha, bila malipo. Muda wa kisheria wa kujibu ni siku 30, ingawa huweza kurefushwa. Subiri. Kuomba upya kabla ya kusoma maelezo hayo ni kubahatisha. Mara nyingine utakuta afisa hakutilia shaka pesa hata kidogo. Alichoandika ni kwamba muda ulioombwa hauendani na sababu iliyotajwa.

Mama yetu alijaza miezi sita, kwa sababu mtu wa saiba alimwambia huo ndio muda wa kawaida. Ndiyo, mgeni kwa kawaida huruhusiwa kukaa hadi miezi sita. Lakini mkulima anayedai kwamba shamba litamrudisha, kisha anaomba kukosekana msimu mzima wa kupanda na kupalilia, amejipinga mwenyewe. Kalenda ileile iliyomponza kwenye benki ingeweza kumtetea hapa. Aondoke katikati ya Januari, mahindi yakiwa yameuzwa. Arudi wiki ya tatu ya Machi, kabla mvua haijakolea. Wiki tisa. Ni kweli Januari ya Edmonton si hali ya hewa ya kumpeleka mtu aliyezoea jua la Ndalu, na binti atanunua koti zito. Hilo ni gharama ndogo.

Madhumuni nayo yaandikwe wazi. Wengine huficha kwamba wanakwenda kusaidia mzazi, wakiogopa itaitwa kazi bila kibali. Miongozo ya Kanada yenyewe hutoa mfano wa mama anayemsaidia binti yake kulea mtoto nyumbani, na inasema hiyo haihesabiwi kuwa kazi. Kuandika "utalii" kisha kuambatisha mwaliko wa mtoto mchanga ndiko kunakotia shaka.

Barua ya maelezo basi, isizidi ukurasa mmoja na nusu. Usianze kwa kulipenda taifa lako wala kwa kumtukuza Mungu na malkia (naye ameshafariki tangu 2022). Anza hivi: "Ombi langu lilikataliwa mwezi fulani. Afisa alitaja hali ya kifedha na jamaa walioko nyumbani. Ninajibu mambo hayo mawili kwa hati hizi." Kisha taja hati kwa nambari, na kila hati uieleze kwa sentensi moja au mbili. Binti aandike yake, aambatishe hati zake za malipo ya mshahara, hadhi yake ya ukaaji na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Mume aandike kwamba anabaki, kwa sababu anabaki. Pensheni yake nayo, inayoingia kila mwezi, ilikuwa hoja nzuri ambayo ombi la kwanza halikuitaja kabisa.

Alama za vidole alizotoa Nairobi mara ya kwanza, zilizomgharimu dola 85 na usiku mzima kwenye basi, zinadumu miaka 10. Hazitatolewa tena. Ukiambiwa na mtu ulipie upya, muulize kwa nini.

Nimefika kwa yule binamu wa Kitale. Huku kwetu watu wameumwa na mipango ya ng'ambo, tena hata iliyobeba jina la serikali: mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret wakidai pesa walizolipa kwa mpango wa kaunti ya Uasin Gishu wa kusomesha vijana Finland na Kanada. Ungedhani baada ya hapo ajenti wa mfukoni angekosa wateja. Kinyume chake, kila anayenyimwa viza ni mteja mpya. Atakachokuuzia ni stetimenti ya kughushi, mkataba wa kazi usiokuwepo, au hatimiliki iliyosafishwa kwenye kompyuta. Maafisa hupiga simu benki, na hati moja ya uongo hukutoa kwenye 179(b), isiyokuzuia kuomba tena, na kukuingiza kwenye kifungu cha 40. Aliyejaza ni ajenti. Aliyetia sahihi ni wewe. Kisheria, wanaoruhusiwa kulipwa kwa ushauri wa maombi ya Kanada ni mawakili wa huko walio kwenye vyama vyao vya kitaaluma na washauri waliosajiliwa na chuo chao cha kitaaluma kilichofunguliwa Novemba 2021, ambacho kina orodha ya majina mtandaoni. Mwakilishi wa aina hiyo hutajwa kwenye fomu. Anayekwambia usimtaje amekwisha kujieleza.

Sitaki msomaji afikiri kwamba kila anayenyimwa ana kosa la karatasi. Mwaka 2021 utafiti wa kampuni ya Pollara ndani ya idara hiyohiyo ya Kanada ulinukuu wafanyakazi wakisema kwamba baadhi ya wenzao waliziita nchi kadhaa za Afrika "thelathini chafu". Mwaka 2022 kamati ya Bunge la Kanada ilichunguza kwa nini wanafunzi wa Afrika, hasa wanaozungumza Kifaransa, hukataliwa kwa wingi hivyo, na mwaka huohuo wajumbe wengi wa Kiafrika walikosa mkutano wa Ukimwi wa Montreal kwa sababu ya viza. Upendeleo upo. Mwombaji wa Ndalu hawezi kuuondoa kwa barua yake ya maelezo. Anachoweza ni kumnyima afisa kisingizio chepesi. Mimi naona si haki kwamba mama alipe kwa jasho zaidi ya mwenzake wa Ufaransa, na bado ningemsaidia kupanga karatasi.

Nchi nyingine nitazipitia haraka. Marekani humchukulia kila anayeomba viza ya matembezi kuwa mhamiaji mpaka athibitishe vinginevyo. Hicho ndicho kifungu cha 214(b) cha sheria yao ya 1952. Kwenye ubalozi wao huko Gigiri, Nairobi, mahojiano huisha kwa dakika chache na hati zako huenda zisifunguliwe, hivyo maandalizi ni ya mdomo: sababu ya safari kwa sentensi mbili, kazi yako kwa sentensi moja, na majibu yanayolingana na fomu. Usichanganye kunyimwa na kucheleweshwa. Julai 2022 Ferdinand Omanyala, mwenye rekodi ya Afrika ya mita 100 ya sekunde 9.77, alipata viza ya Marekani dakika za mwisho na kutua Oregon saa chache tu kabla ya mchujo wa mashindano ya dunia. Uingereza haitoi rufaa kwa viza ya matembezi, na udanganyifu huko unaweza kukufungia nje miaka 10. Nchi za Schengen hutumia fomu moja yenye visanduku vya sababu, na wao hutoa haki ya rufaa, katika nchi iliyokataa na kwa taratibu zake; muda wake ni mfupi, kwa hiyo soma mwisho wa fomu siku uliyoipokea.

Kanada nayo haina rufaa ya kawaida kwa viza ya muda. Kilichopo ni kuiomba Mahakama ya Shirikisho iukague uamuzi, ndani ya siku 60 kwa uamuzi uliotolewa nje ya nchi, na kwa wakili wa huko. Ukishinda hupewi viza. Ombi hurudi kwa afisa mwingine. Njia hiyo inafaa pale maelezo ya afisa yanapoonyesha hakusoma hati uliyopeleka. Kwa mama aliyesahau kupeleka hati, ombi jipya ni nafuu zaidi.

Kama binti ni raia au mkaazi wa kudumu, waulizane pia kuhusu viza ya wazazi na mababu. Tangu Julai 2022 inamruhusu mzazi kukaa hadi miaka mitano kwa safari moja, na inaweza kutumika kwa miaka 10. Masharti ni mazito: bima ya afya ya angalau dola 100,000, mapato ya mtoto yasiyopungua kiwango kilichowekwa, na uchunguzi wa daktari. Kwa mtu wa wiki tisa ni mzigo usio na sababu. Kwa ajuza aliyebaki peke yake nyumbani ni jambo jingine.

Na kwenye fomu mpya kuna swali ambalo watu wa saiba hupenda kulijibu kwa niaba yako: je, umewahi kunyimwa viza na Kanada au nchi nyingine yoyote? Jibu ni ndiyo, hata kama ilikuwa ya Uingereza mwaka 2011 na karatasi zake zilikwisha kuliwa na mchwa. Kanada hubadilishana taarifa za uhamiaji na Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Kaa kando ya kijana anayechapa, usome kila kisanduku kabla hajabonyeza, kisha taja nchi, mwaka na sababu uliyopewa.